Kuni Zinazojua Kwao

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, fundi cherehani alitoka uani na utepe wake wa kupimia shingoni, akapima kimo cha kuni alizozipanga kwenye ukuta wa jikoni, kisha akachora mstari ukutani kwa chaki ileile ya kuchorea suruali. Kadiri baridi ilivyoendelea, mistari ilishuka kama vidato vya ngazi. Alikuwa amestaafu, maana yake alishonea watu aliowapenda na wale waliomshinda kwa maneno.

Kuni zilikuwa safu mbili. Ya mbele ilikuwa ya kuni za kununua sokoni, nyembamba, zinazowaka kwa kelele na kuzimika kwa aibu. Ya nyuma ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba: kuni nzito, kavu, za mti mkubwa uliosimama uani kwa jirani yao, bibi mjane. Mti huo fundi aliupata kwa mwana wa bibi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho kwa sababu ahadi zake zote zilikuwa za siku hiyo. Walibadilishana, mti kwa koti.

"Mama anajua?" fundi alimuuliza wakati ule.

"Mzee, mama ndiye aliyenituma," alijibu Bwana Kesho, huku ameshanyoosha mikono apimwe.

Mke wa fundi alikuwa na kifua kibovu. Daktari alisema baridi isimguse, kana kwamba baridi ni mtoto mtukutu wa kukanywa. Kwa hiyo jiko la chuma liliwaka kutwa, naye mke alikaa karibu nalo na kikohozi chake kikalala. Kila Jumamosi aliuliza kupitia dirishani, "Zitatufikisha?"

"Zitatufikisha, na pindo litabaki."

Siku moja mke alivuta ukuni mmoja wa safu ya mbele, na safu nzima ikaanguka kwa ndani. Nyuma yake palikuwa na buibui, na kuni chache chini kabisa. Hizo nyingine hazikuwepo.

"Baba, muda wote huu ulikuwa unapima nini?"

"Mbele."

"Na nyuma?"

"Mke wangu, katika kazi yetu, ukishapima mbele, nyuma unaijua."

"Haya, leo tumeshonewa shati lisilo na mgongo. Tutavaaje?"

Alisema hivyo akicheka, lakini kicheko kiligeuka kikohozi, na fundi akamshika mkono akamrudisha ndani. Zilizobaki zisingevuka baridi. Hilo hakuhitaji utepe kulijua.

Jioni hiyo alikaa dirishani na kikombe cha chai kumngoja mwizi. Jua lilipoanza kupoa, ukuni mmoja wa nyuma ulijinyoosha, ukashuka chini, ukajipangusa vumbi. Wenzake wakaufuata. Zile za mviringo zilibingirika. Zile zilizopinda ziliruka-ruka kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Zilipanga mstari, zikapita kwenye pengo la uzio moja moja bila kusukumana, zikaenda hadi mlango wa bibi mjane na kubisha.

"Ni kuni," fundi alimwambia mkewe.

"Kuni gani?"

"Za nyuma. Zinakwenda kwa jirani."

Mke alinyanyuka akachungulia. "Na zinapiga hodi," alisema. "Kuna watu mtaani humu hawajui hilo." Akamtaka avae sweta kabla hajatoka.

Bibi mjane alikuwa mlangoni akizihimiza kuni zifute miguu. Jikoni kwake moto uliwaka vizuri, na kwenye kona zilikaa kuni nyingi, zimetulia kama wageni walioshiba.

"Karibu, fundi. Nilitaka kuja kukushukuru. Kila jioni unaniletea kuni na hata hujionyeshi. Nikasema, huyu ana adabu ya zamani."

"Mama, sikuzileta mimi. Zimekuja zenyewe."

"Aa." Bibi alifikiri kidogo. "Basi nizishukuru zenyewe."

Aliokota ukuni mmoja akamwonyesha. Ulikuwa na msumari wenye kutu. "Huu aliupigilia marehemu. Hapa ndipo alipotundika kioo chake akinyoa ndevu, kila asubuhi, mpaka alipokufa. Nilikwenda kukaa kwa dada yangu siku chache, niliporudi mwanangu akaniambia upepo umeuangusha mti na watu wa usafi wameshauzoa. Nikalia. Kumbe haukufika mbali."

Fundi akamweleza habari ya koti. Hakupunguza kitu. Bibi alisikiliza, akaweka ukuni wa msumari pembeni, mbali na zile za kuchomwa, akasema, "Koti ni zuri. Mishono imenyooka."

Hata hivyo fundi alikuwa na mgonjwa nyumbani. Kwa ruhusa ya bibi alibeba mzigo wa kuni akarudi nao. Ziliwaka bila ubishi, ndimi za moto ndefu, nyekundu, lakini hazikutoa joto hata la kuyeyusha siagi. Birika lilikaa juu ya moto kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita. Mke aliingiza kidole kwenye maji, akakitoa.

"Baba, kuni hizi haziko kazini. Ziko ugenini."

"Sasa nifanyeje?"

"Nipe shali langu. Moto ukikataa kuja kwetu, sisi tuna miguu."

Tangu hapo jioni zote walikaa kwa bibi mjane. Kuni za sokoni walizitumia asubuhi tu, za bibi ziliwapasha hadi saa ya kulala. Mke alifuma, bibi alimfumulia na kumwelekeza upya, fundi alitia vifungo nguo za wote wawili na kutaniwa kwa macho yake yasiyoona tena tundu la sindano. Kifua kilitulia. Jumamosi iliyofuata mstari wa chaki ulikuwa umeshuka upana wa kidole tu, na fundi akaanza kupiga mluzi.

Bwana Kesho naye alikuja siku moja, na koti lake. Alikaa karibu na jiko kuliko wote.

"Mama, una kuni nzuri! Umezipata wapi?"

"Ni mti wa baba yako. Umerudi."

"Mama naye! Si nilikwambia upepo?" Akacheka, akanywa chai ya pili, akasema kesho atamletea kuni za kweli. Alipoondoka alitundika kofia yake kwenye ule msumari ili afunge vifungo, kisha akaichukua akaenda zake.

Baridi ilipolegea, fundi alianza kufikiria kuni za mwaka ujao, na Bwana Kesho akamwahi. Kuna mti mwingine, alisema, kando ya tangi la maji la mama yake. Yeye sasa anahitaji suti kamili.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa bibi. Bibi aliutazama mti ule dirishani.

"Ukikataa wewe, atampata mtu wa mtaa wa mbali," alisema mwishowe. "Kuni zitatembea njia yote hiyo, zifike zimechoka. Mshonee."

Fundi akapima. Kiuno cha Bwana Kesho kilikuwa kimeongezeka. Alitaka suruali ishuke vizuri juu ya viatu, akageuka mbele ya kioo, akauliza kama ana sura ya meneja. Fundi alikuwa na pini mdomoni.

Mti ulikatwa, ukapasuliwa, ukawekwa juani. Fundi alitaka kuzipanga kuni kwenye ukuta wa bibi moja kwa moja, zisihangaike.

"Hapana, zipange kwako," alisema bibi. "Ziache zije zenyewe, jioni jioni. Mtu akikaa peke yake, anapenda kusikia hodi."

Fundi hakubisha. Alizipanga safu mbili, akazipima mbele na nyuma. Kisha akachukua msumeno, akaenda kwenye uzio, akalipanua pengo, kwa sababu mti huu ulikuwa mnene kuliko ule wa kwanza.