Wodi ya Asia, Wodi ya Magharibi

Umepita pale. Usinikatalie. Umepita mbele ya hospitali ile mpya, ukaona mapazia meupe yasiyotikisika hata upepo ukivuma, ukageuza shingo upande wa pili kana kwamba umeitwa. Nani alikuita? Hakuna. Hukutaka kuona tu. Basi leo utasikia, maana aliyelazwa mle ni mama mkwe wa dada yangu, na kesho asubuhi wanamkata mguu bila kumwambia.

Sisi tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Alizaliwa Asia, kwenye mji ambao ulimi wangu haujawahi kuutamka asinicheke. Baba yake alimchagulia mume, yeye akamkataa, akaenda kwa aliyempenda, na alipomchoka akamfungia mlango. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi alikisimamisha kwa mgomo akiwa amembeba tumboni shemeji yangu, mume wa dada. Dada yangu alipopelekwa kutambulishwa, Redio alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe mzima kabisa, umekosa nini huko mpaka ukaokota goigoi langu hili?"

Tulimpeleka mguu ukiwa umevimba na vidole vinaanza kuwa vyeusi. Mhudumu wa mapokezi aliuliza swali moja tu.

"Wa Magharibi au wa Asia?"

"Asia," shemeji akajibu upesi, ili mama asisimame muda mrefu.

Kosa letu ndilo hilo, kujibu. Utaratibu wao uko hivi. Watu wa Asia, wanasema, wote hutii wakubwa, hawapendi habari mbaya, na familia ndiyo huwaamulia. Kwa hiyo mgonjwa wa wodi hiyo haambiwi ugonjwa wake, anaambiwa mwanawe wa kiume. Watu wa Magharibi nao wote hujitegemea, hupenda ukweli mkavu na upweke. Kwa hiyo mgonjwa wao huambiwa kila kitu, peke yake, na jamaa zake hubaki nje ya kioo.

Nje ya kioo hicho nilimkuta mwanamke amekaa sakafuni na sufuria ya supu mapajani. Baba yake, fundi viatu kutoka huko Magharibi, alikuwa kitanda cha tatu.

"Baba hajawahi kula peke yake maisha yake yote," akaniambia. "Nyumbani wajukuu wanalala juu yake kama paka. Juzi alikuwa ananipungia mkono. Leo mtazame."

Nikatazama. Mzee amelala chali, mikono imenyooshwa ubavuni. Wa kushoto kwake vilevile. Wa kulia vilevile. Midomo ya safu nzima ilikuwa ikitembea pamoja, polepole. Mwanamke yule alinisomea midomo ile bila kuinua kichwa, kama mtu aliyeizoea: "Najitegemea mwenyewe. Najitegemea mwenyewe."

Upande wetu palikuwa na ukimya mwingine. Siku ya kwanza Redio aliugombeza mto, akamgombeza nesi, akatugombeza sisi. Siku ya pili alisema kidogo. Siku ya tatu shemeji alimuuliza kama anataka chai, na mama yake, mwanamke aliyefunga kiwanda, akajibu kwa sauti laini ambayo sijapata kuisikia kinywani mwake: "Kama familia itakavyoona."

Shemeji alitoka pale, nami nikamfuata. Daktari alikuwa anatungoja mlangoni.

"Mguu utakatwa," akasema. "Wewe ndiye mwanawe. Unakubali?"

"Muulizeni mwenyewe. Mguu ni wake."

"Watu wenu hawaulizwi. Tunawaheshimu."

Nikaingilia. "Basi mhamishieni kule kwa Magharibi. Kule si ataambiwa?"

"Ataambiwa. Ila ninyi hamtaingia. Watu wa kule hawapendi kuzongwa."

"Daktari, mama yangu anataka ukweli, na anataka tumzonge," shemeji akasema. "Vyote viwili."

Daktari alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayekusimulia ameona farasi mwenye mabawa. "Hakuna mtu wa namna hiyo," akasema. "Ukikaa kimya, tutahesabu umekubali."

Mimi nina kumbukumbu ndefu, na sauti ile naijua. Tulipokuwa watoto walisema watu wa mtaa wetu hawasikii baridi, ndivyo tulivyoumbwa, kwa hiyo darasa letu halikuhitaji madirisha. Waliosema hawakuwahi kutugusa hata mkono.

Jana saa ya kuona wagonjwa nikaingia nimwambie mwenyewe. Nikasimama mlangoni. Sikumtambua. Wagonjwa safu nzima: nywele zote zimechanwa upande mmoja, mikono yote imekunjwa kifuani, nyuso zote zimelainishwa kama shuka lililopigwa pasi. Nikaita, "Redio!"

Vichwa vyote vikageuka. Kwa pamoja, kwa mwendo mmoja.

"Kama familia itakavyoona," ikasema safu nzima.

Nilitamani kukimbia. Badala yake nikapita kitanda baada ya kitanda, nikiinua shuka, nikitafuta mguu uliovimba. Nilipoupata nikapiga magoti, nikasema sikioni, "Mama, mimi shemeji yake goigoi. Wanataka kukukata mguu keshokutwa. Hakuna aliyekwambia. Unasemaje?"

Vidole vyake vikanishika kifundo cha mkono, vikanibana mpaka nikauma meno.

"Mguu upi?" akauliza. Sauti ilikuwa yake, ya kukwaruza. "Na mwanangu yuko wapi? Mwambie aje akae hapa. Sijakubali mimi! Kwanza niuone huo mguu."

Bibi wa kitanda cha pili akafumbua macho. "Na mimi? Mimi nimelazwa kwa nini?" Kisha wa tatu, kwa lugha nyingine. Kisha mwingine akilia, mwingine akitukana, mwingine akicheka, kila mmoja na lake. Walinzi wakaja, wakaniburuta kwapani. Mlango ulipofungwa nyuma yangu, kelele ile ilikatika mara moja, kama imekabwa koo.

Tangu hapo jina langu na la shemeji yamebandikwa getini. Haturuhusiwi. Wewe hawakujui. Mlango unafunguliwa alasiri hii, na baada ya hapo ni kisu. Acha unachofanya. Nenda. Wakikuuliza mgonjwa wako ni wa wapi, usijibu, pita. Inua shuka mpaka umpate, mwambie mwanawe yuko getini, muulize kuhusu mguu wake, na usitoke mpaka amejibu mwenyewe. Simama. Vaa viatu. Nenda sasa hivi.