Hatua ya Tano

Safari hii Kgadi hakufungua hata begi. Ijumaa alishuka kwenye ndege baada ya wiki sita za kupiga saksafoni katika miji iliyokuwa imemchanganyikia kichwani, akaenda moja kwa moja kwa wazazi wake Mamelodi, akalala. Mdomo wa chini ulikuwa umechubuka kwa ndani. Mkobani alikuwa na barua ya shule moja ya wasichana huko Polokwane: kazi ya kufundisha muziki, nyumba ya kuishi, likizo za kueleweka. Walitaka jibu Jumatatu. Alikuwa na miaka arobaini na mbili na santuri nne za nyimbo alizotunga mwenyewe, na alikuwa karibu ameshaamua. Atakubali, na saksafoni itakaa juu ya kabati.

Ila Jumapili alimfuata baba yake klabuni, ajaribu mara ya mwisho kama baba atauchezea muziki wake.

Klabu yenyewe ni uani kwa Mzee Maphutha. Kila Jumapili mchana wapenzi wa jazi hukusanyika pale na santuri zao, viatu vya rangi mbili vimeng'arishwa mpaka unajiona uso. Wimbo ukimkolea mtu, huinuka akaucheza peke yake kwa miguu, na wengine humtazama kimya kama wanasoma barua. Baba yake Kgadi, Mzee Lesetja, ndiye bingwa wao. Hakuna santuri asiyoichezea, isipokuwa za binti yake. Miaka kumi na tano sasa, ikiwekwa moja tu, yeye hukaa, akatoa kitambaa akafuta viatu.

Maphutha akaweka santuri mpya ya Kgadi. Mzee Lesetja akatoa kitambaa.

"Lesetja, viatu hivyo utavitoboa," Maphutha akamtania. "Mtoto kapanda ndege kuja kutazama kisogo chako?"

"Wewe mbona hujainuka?"

"Mimi goti."

"Basi na mimi goti."

Watu wakacheka. Kgadi naye akacheka kidogo, kwa adabu, akaondoka kabla santuri haijageuzwa upande wa pili.

Jumatatu asubuhi akaketi mlangoni na barua na kalamu. Mama yake alikuwa amepiga magoti barazani, anaipaka sakafu nta nyekundu huku anaguna.

"Acha, Mama, nitapaka mimi."

"Wewe uliyelala na viatu jana? Utapaka nini." Mama akasugua kwa hasira. "Na hapa ndipo panaponimaliza. Kila wiki napaka, kila wiki pameliwa. Baba yako huyu."

"Anafanya nini?"

"Si anacheza. Alhamisi nikienda kwenye sala za akina mama, anadhani sijui. Narudi nakuta gramafoni bado ya moto."

Kgadi akainama. Nta ilikuwa imelika mahali panne, wazi kabisa, soli na kisigino. Mahali pa tano palikuwa mikwaruzo tu, huku na huku, kama mtu aliyetafuta ufunguo gizani. Akahesabu tena. Nyimbo za klabuni hutembea kwa mapigo manne. Zake hutembea kwa matano.

Mzee Lesetja akatokea na kikombe cha chai. "Mnachungulia nini hapo?"

"Baba, hatua ya tano unaiweka wapi?"

Mzee akatazama sakafu, akatazama geti. "Ndiyo naitafuta miaka yote hii. Nikiiweka, nachelewa. Sasa niinuke mbele ya akina Maphutha, nikauangushe wimbo wa mtoto wangu?"

Kgadi akaweka kalamu chini.

"Usiiweke," akasema. "Mguu ubaki juu. Hapo ndipo ninapovuta pumzi."

"Pumzi tu?"

"Pumzi tu, Baba."

"Ngoja nivae viatu."

Kgadi akaenda kulitafuta begi, akalifungua, akaitoa saksafoni. Akapiga taratibu, mdomo ukimuuma, na baba yake akakanyaga nta mbichi. Moja, mbili, tatu, nne, mguu juu. Akayumba, akalikosa pigo. Mama alisogeza kopo la nta na ile barua pembeni.

"Hii si inataka jibu leo? Utawaambia nini?"

"Nitawaambia asante. Watafute mwingine."

"Tena," akasema Mzee Lesetja, mguu bado uko hewani.

"Baba, nimechoka."

"Najua. Tena."

Kgadi akalowesha mdomo, akaanza upya.