Santuri Zilizopakwa Mafuta ya Kondoo

Kichefuchefu kilimpata Ludovick kabla hata hajaona kitu. Mama Lemburis alifungua kreti tu, na harufu ya mafuta ya kondoo yaliyochacha ikamvamia usoni.

Alikuwa ametoka nyumbani kwake Sakina asubuhi, redio kaseti mpya ya kubadilishana kwapani, akapandisha mpaka huku juu ya Ngaramtoni kwa ajili ya santuri moja. Ndani yake marehemu mdogo wake, Aristides, alipuliza tarumbeta. Bendi ilirekodi mara hiyo moja, ikasambaratika, na Aristides akafa bila kuacha hata picha ya maana. Mjini Ludovick alikuwa ameshapekua kila rundo. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, watu walikimbilia kaseti, santuri zikageuka vifuniko vya ndoo na sahani za kulishia vifaranga. Alizikuta na kinyesi juu, akaondoka akitema mate. Sasa tumaini lake lilibaki kwa santuri za marehemu Lesian, mume wa mama huyu, aliyekuwa na baa hapa kijijini.

Akachomoa moja kwa ncha za vidole. Ilikuwa imepakwa mafuta pande zote, ikang'aa kama uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Vumbi, nywele na miguu ya mende vilinasa humo.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Uchafu?" Mama Lemburis akashika kiuno. "Nimefanya mimi. Kila kiangazi, tangu mzee afariki. Ngozi usipoipaka inapasuka. Kibuyu nacho hivyo hivyo. Na haya madude ni makavu, nikasema yasije yakanipasukia. Tafuta humo, uniambie ipi imepasuka."

Akatafuta. Hakuna iliyopasuka, na hilo likazidi kumuudhi.

"Kibuyu hakiimbi, mama."

"Mangi, Mchaga wewe, pua yako inachagua sana. Kondoo huli?"

"Sili. Hata harufu yake siiwezi."

"Ndiyo maana umekauka hivyo. Ungekuwa wangu ningekupaka na wewe."

Chini kabisa akakuta moja ambayo lebo yake haikusomeka. Akakwangua kwa ukucha. Mafuta yakajikunja kama funza, na jina la bendi likatokea. Ilikuwa bendi ya Aristides.

"Naichukua hii tu. Redio hii hapa."

"Beba zote au uache zote. Nimezitunza pamoja."

"Umezitunza? Umeziua, mama."

Mama Lemburis akaichukua santuri mkononi mwa Ludovick taratibu, akairudisha, akafunga kreti, akaikalia. "Basi niachie maiti zangu. Na redio yako urudi nayo."

Ludovick akatazama kreti. Tarumbeta ya mdogo wake ilikuwa chini ya makalio ya mwanamke huyu, na hakuna nyingine.

"Nisamehe, mama. Nimekosa adabu."

"Umetukana mafuta yangu nyumbani kwangu. Hutoki hapa mdomo mkavu." Akageukia jikoni. "Namnyaki, mletee mgeni supu."

Binti akaileta kwenye kikombe kikubwa cha bati. Ilikuwa ya kondoo, nyeusi kwa mizizi ya dawa, mafuta yakielea juu mazito ya njano. Ludovick akabana pumzi, akanywa. Katikati tumbo lilipanda mpaka kooni, akalirudisha, akaendelea. Alipomaliza midomo ilikuwa imeshikana kwa mafuta. Mama Lemburis akachungulia ndani ya kikombe, ndipo akasimama, akapokea redio na kumwachia kreti nzima.

Kufika Sakina aliosha santuri ile kwa sabuni na maji ya vuguvugu mpaka mikono ikakunjamana. Harufu haikutoka. Akaiweka kwenye gramafoni. Sindano ikalima mafuta, ikavuta kidonge cheusi chenye nywele. Akakitoa kwa kidole, akaiteremsha tena, ikavuta kingine.

Kisha tarumbeta ikaja, nzito, kama inapulizwa ndani ya chungu. Lakini ilikuwa ya Aristides, na ule mtindo wake wa kuchelewa kidogo wenzake wakishaingia. Santuri haikuruka hata mahali pamoja. Chumba kizima kikanuka zizi, na supu ikampanda kooni.

Ludovick akakunja uso, akasogeza kiti karibu zaidi.