Panya Waliolishwa Wali

Kwa mara ya tatu panya wa utafiti wa Phitsamai walikataa kupona, na mambo yalikuwa yamemfika kooni. Alisimama katika chumba cha panya cha chuo, pale Khon Kaen, akimtazama mmoja aliyelala ubavu huku miguu ikipiga hewa. Panya huyo alikuwa halishwi ila mafuta. Wanga hakutakiwa kuuonja hata kwa bahati mbaya. Alikuwa na kasoro ile ile ya kurithi aliyozaliwa nayo Kaewta, mtoto wa miaka mitatu wa kijiji cha ng'ambo ya bwawa: mwili usiojua kuuchoma wanga, ubongo ukakosa nguvu, kifafa kikapata nafasi. Mafuta yangeziba pengo hilo. Vitabu vilisema hivyo, ila panya hawakuwa wamevisoma.

Daktari wa mtoto alishasema wali ukome. Lakini mwenye sauti ya mwisho katika nyumba ile alikuwa bibi yake, Khampan, na Khampan alimjibu Phitsamai bila kupepesa macho.

"Nimnyime mjukuu wangu wali? Mwanangu, hata mbwa wetu anakula wali. Nionyeshe kwanza hao panya wako wamepona, ndipo tuongee. Vinginevyo usinipotezee muda, nina ng'ombe wa kufunga."

Na kila alipoanguka, Kaewta aliamka amepoteza kitu. Alikuwa akijua kumwita mama yake. Sasa alimtazama tu. Phitsamai alibadilisha mafuta ya nazi akaweka ya nguruwe. Akamlaumu muuza chakula cha panya, akailaumu mashine ya kupimia damu, akajilaumu mwenyewe. Profesa wake akamwambia kwa upole unaokera kuliko tusi, "Labda tulikosea tangu mwanzo." Alitamani kumrushia kizimba.

Asubuhi ya sikukuu ya kuwawekea wafu chakula chini, aliwahi kazini kuliko kawaida. Akamkuta Shangazi Lamduan, mtunza panya, amechuchumaa mbele ya vizimba, amepanga sakafuni vifurushi vya majani ya mgomba: wali, samaki, ndizi mbivu. Hilo halikumshangaza. Mama yake mwenyewe alikuwa ameweka vyake ukutani mwa hekalu, kwa ajili ya wafu wasio na ndugu wa kuwakumbuka, na panya waliofia chumba kile walikuwa wengi. Kilichomkausha ni mkono wa Shangazi, uliokuwa ndani ya kizimba ukigawa vipande vidogo vya wali wa kunata.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nawapa fungu lao. Wafu wapate kula, walio hai wakodoe macho tu?"

"Ni leo tu, sivyo?"

Lamduan akamshangaa. "Kila asubuhi. Kidogo tu, cha kutulizia tumbo. Mafuta matupu si chakula, mwanangu. Hawa wanakufa kwa ajili yetu. Wafe hata wali hawajauonja?"

Damu ikamchemka Phitsamai. "Umenitilia mchanga kitumbua changu! Miezi yote hii! Kuna mtoto anaanguka huko kijijini nikingoja panya hawa, na wewe unawalisha wali? Nilisema mafuta tu. Nilisema kwa lugha gani?"

"Kidogo vile kitamdhuru nani?" Lamduan aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Wakaanza upya. Lamduan aliapa mbele ya vifurushi vyake kwamba hatarudia, na hakurudia. Panya wakaanguka mara chache, kisha chache zaidi, kisha wakatulia kabisa. Ndipo Bibi Khampan alipokuja na Kaewta kiunoni, akasimama mbele ya vizimba, akamnyooshea panya mmoja kidole.

"Huyu ndiye aliyekuwa anaanguka?"

"Ndiye."

"Na wali hali?"

"Hata punje."

"Amekonda."

"Amekonda, Bibi, lakini haanguki."

 Bibi alimtazama panya anavyojisafisha uso, akamtazama mjukuu wake. "Haya," alisema. "Tunaanza leo."

Phitsamai alitaka kuruka kwa furaha. Wakatoka nje kula, wakatandika mkeka. Lamduan alikuwa ameandaa nyama ya nguruwe ya kukaanga na mayai kwa ajili ya mtoto, na kwa wakubwa kachumbari ya papai bichi na kikapu cha wali, kama siku zote. Hakuna aliyefikiria kukificha. Kaewta alikiona, akanyoosha mkono. Bibi akaurudisha mkono ule taratibu. Mtoto akapewa nyama, akaitema, akaangua kilio cha kukatika pumzi. Lamduan akainuka akaenda zake. Bibi aliinamia sahani yake, taya zimekaza.

"Nyamaza mama, nyamaza," Phitsamai alibembeleza. "Nyamaza basi, yameisha." Hakujua vidole vyake vinafanya nini mpaka Bibi Khampan alipomdaka kifundo cha mkono.

Phitsamai alikuwa ameshika tonge la wali, limefinyangwa vizuri, kidogo tu, limefika karibu na midomo ya mtoto.

"Na wewe?" Bibi alisema. "Wewe uliyenileta hapa?"

Phitsamai aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Bibi hakumwachia mkono. Kilio kilikuwa kimekoma, na Kaewta alikuwa amefungua mdomo, akingoja.