Brashi Apanda Ngazi Ndotoni

Fundi rangi mmoja, ambaye wote walimwita Brashi, alianguka kutoka ghorofa ya pili akipaka ukuta wa shule. Mguu ulipona, ukamwachia kuchechemea kidogo. Ngazi ndiyo iliyomshinda. Kila alipokanyaga kidato cha kwanza, magoti yalimcheza na jasho likamtoka. Wenzake wakamwachia kazi za chini: milango, mageti, kuta za vyoo. Hakulalamika, ila roho ilimuuma.

Mchana mmoja, akiwa amejilaza kwenye kochi, aliota anatembea sokoni bila kuchechemea. Akajua palepale kwamba anaota. Akafurahi kupita kiasi, na furaha hiyohiyo ikamwamsha.

Alimsimulia dada yake mkubwa, muuguzi, akidhani atachekwa. Dada alimwambia wako watu wanaojitambua ndotoni, na kwamba ukizoea kujiuliza mchana kama uko macho, swali hukufuata hadi usingizini. Brashi akawa anajiuliza mbele ya kioo, kwenye foleni, hata katikati ya kazi, mpaka fundi mkuu akataka kujua kama amelewa.

Ndoto zikaja. Aliruka angani, akala keki nzima peke yake, akamkaripia mwenye nyumba wake alivyotaka. Baada ya hapo akaishiwa na mambo ya kufanya. Akawa anasimama tu kama mgeni aliyefika mapema mno, huku ndoto ikififia mbele yake.

"Umezichoka ndoto zako," dada yake alimwambia. "Hata mimi zamu isiyo na kazi hunitia usingizi. Jipe kazi huko, mdogo wangu, kazi unayoitaka kweli."

Kazi hiyo Brashi aliijua, na aliiogopa.

Alipojitambua tena ndotoni, aliutafuta ule ukuta wa shule akaukuta, na ngazi imeegemezwa. Ndoto ilipotaka kuyeyuka alisugua viganja, akapapasa plasta, akanusa rangi, ndoto ikatulia. Kisha akajiuliza kule juu kuna rangi gani, akapanda ili aone. Ghorofa ya kwanza ilikuwa zambarau tupu. Akacheka peke yake. Kwenye ya pili akateleza. Safari hii hakufumba macho. Aliutazama ukuta ukimpita, akatua taratibu kama karatasi, akajikung'uta vumbi, akapanda tena.

Aliendelea hivyo kwa majuma mengi, kila mara akitafuta jambo jipya la kuona, maana hamu ikipungua tu, ndoto ilimponyoka.

Ikatokea fundi mkuu akakosa mtu wa kupaka kuta za juu za zahanati. Brashi akasema atapanda yeye.

"Una hakika?"

"Sina. Nishikie ngazi."

Magoti yalimcheza kama zamani. Hakungoja yatulie, alipanda nayo hivyohivyo. Akapaka upande mzima bila kushuka. Aliposhuka, alipokea kikombe cha maji, nusu yakamwagika kifuani. Akanywa yaliyobaki, kisha akaomba ngazi ihamishiwe upande wa pili.