Uji Tu

...na maharage, bila shaka na maharage, harufu imemfikia kabla ya sufuria, maharage ya nazi, yenye vitunguu, yenye vitunguu swaumu, maana hapa Kinole watu hawapiki kwa kujizuia, shamba liko nyuma ya nyumba na kila kinachoota kinaingia jikoni, na Editha anaendelea kunawa, ameinamia beseni, maji ya vuguvugu yanashuka vidoleni mwake kutoka kwenye jagi aliloshika Ester, dada yake Kasimiri, binti mpole aliyepiga magoti mkekani na wala haonyeshi kuchoka, jagi linakaribia nusu na mikono ya Editha ilishatakata zamani, lakini mikono ikitoka kwenye beseni lazima iende mahali, na mahali penyewe ni kwenye lile sinia linaloletwa. "Dada," ananong'ona Fidelis, mdogo wake, aliyeketi ubavuni kwake, "unanawa au unaoga?" Nyamaza Fidelis, wewe una tumbo la mbuzi, wewe ukila gunia litasagika, ulikuja hapa kama mjomba wa bi harusi, kazi yako ni kukohoa kwa heshima na kutikisa kichwa, basi kohoa... na Fidelis anakohoa kweli, huku macho yake yako mlangoni kwenye wali. Wamekuja kuona kwao Kasimiri, mchumba wa Upendo binti yake, ndiyo shughuli ya leo, kuona nyumba, kuona watu, kujua Upendo akija kuolewa huku atalala wapi na atateka maji wapi, na baada ya kuona ni kula, na katika kula mama wa binti ndiye anayetangulia kumega, akimega wote wanamega, asipomega maana yake ameona jambo lisilompendeza, na hapo ukoo mzima unaweka mikono mapajani, wanaangaliana, na habari imekwisha. Mtu aliyebuni utaratibu huu hakuwahi kuumwa tumbo maishani mwake. "Mama, ule," Upendo alimwambia jana, anapiga pasi gauni, hakumtazama, "ule, halafu ukae," kwa sababu Mikese mama yake alikula lakini hakukaa... ee Mungu, Mikese, posa ya kwanza, yule kijana mwenye duka la vipuri, Editha alimega ugali na maharage mara tatu, nne, vizuri kabisa, baba wa kijana akasimama kutoa neno, neno refu, lilianzia kwa babu yake, na lilipomfikia shangazi tumbo la Editha likanguruma mpaka msemaji akanyamaza akidhani ni pikipiki inawashwa, akainuka, alifanyeje, akainuka na kukimbia katikati ya watu akiwa ameshika kanga, akarudi baada ya muda mrefu, jasho, macho mekundu, na wote walishakubaliana kwamba mama wa binti ametoka kulia kwa sababu hataki, wakatuma ujumbe baadaye, wa heshima sana, kwamba hawawezi kumchukua mtoto ambaye mama yake anaikimbia hotuba. Nani angewaeleza? Utaanzaje, jamani mimi sikukataa, nilibanwa? Upendo alilia siku nyingi, kisha akaacha kulia, na hilo la kuacha ndilo lililomuuma Editha zaidi. "Karibuni sana, karibuni, wageni wetu," ni sauti ya Bernadeta, mama yake Kasimiri, ananena kutoka jikoni huku akigonganisha mifuniko, "msione tunachelewa, wali unamalizia," usimalizie haraka mama, uache wali ujipange... na asubuhi ile ya Mikese, ili tumbo liwe na kitu laini, si alikunywa uji, vikombe viwili, akijua siku ni ndefu, na bado maharage yakamfanyia vile, ndipo alipoyaweka maharage gerezani. Kabla ya hapo ilikuwa amiba, kila duka la dawa mjini Morogoro lilimwambia amiba, amemeza dawa za amiba hadi amiba wenyewe, kama walikuwepo, walishahamia kwa jirani, kisha ikawa taifodi, kisha vidonda vya tumbo, kisha mama mmoja sokoni akamwambia ni mchango na kumpa mizizi yenye uchungu wa kutosha kuua ng'ombe, kisha wifi yake akanong'ona kwamba umetazamwa vibaya wewe, hadi daktari mmoja kijana, kijana kabisa, ana chunusi, akamwambia mama vipimo vyote ni safi, huna mdudu, huna kidonda, una utumbo wenye hasira. Hasira! Gervas, mumewe, alivyoambiwa akacheka hadi akashika ukuta, akasema basi umefanana nao. Na yule mama wa lishe waliyempeleka kwake, chumba cha mwisho kwenye ukumbi, akaeleza vizuri, kwa upole, kwamba chakula kinachomchokoza mmoja hakimchokozi mwingine, kwa hiyo toa vyote vinavyoshukiwa, tumbo litulie, halafu rudisha kimoja kimoja, siku kadhaa kila kimoja, usichanganye, ukichanganya hutajua nani kafanya nini. Ni kama kutafuta mwizi wa kuku katika nyumba yenye watoto wengi, Editha alielewa mara moja, ana wanne. Akatoa maharage, akatoa vitunguu, akatoa kabichi, maziwa, chapati, maandazi, fenesi, embe, nyumba nzima ikala mchuzi usio na kitunguu, Gervas akitazama bakuli akauliza hii mboga imefiwa na nani, watoto wakaanza kuchelewa kurudi wakila chipsi njiani, na tumbo? Tumbo likaendelea na hasira zake kana kwamba hakuna aliyefungwa. "Mama, niongeze maji?" anauliza Ester. "Ongeza kidogo mwanangu, vumbi la Mkuyuni hili, pikipiki ilitupiga vumbi." "Vumbi gani na mvua ya jana?" anasema Fidelis kwa sauti ya chini, huyu mtoto wa mama yangu nitamfinya... Akarudi kwa mama wa lishe kulalamika, nimetoa vyote, nimebaki kama mgonjwa wa kulazwa, yule mama akauliza mchana unakula nini, wali na samaki, jioni je, ugali na mchicha, asubuhi je, akajibu, asubuhi uji tu. Uji sawa, akasema yule mama, akaandika. Uji tu. Nani anaushuku uji? Uji ni wa mtoto, uji ni wa mzazi aliyejifungua, wa bibi asiye na meno, Editha mwenyewe kila tumbo lilipomchachamalia alirudi kwenye uji kama mtu anayerudi kwao... Lakini tangu juzi limenyamaza. Ndiyo, hilo nalo, limenyamaza, halijanguruma hata njiani kwenye makorongo yale, ni ukimya wa kutia shaka, ukimya wa mtoto aliye chumba cha pili na mkasi, amekaa akiusubiri uvunjike, kwa nini limenyamaza, labda linaogopa wakwe, labda linasubiri hotuba, alikula nini tofauti, hajala kitu tofauti, chai ya mkandaa isiyo na maziwa na kiporo cha wali, kwa sababu unga wa uji umekwisha, na kwa Mwanahawa anakoununua mashine ya kusaga imekatika mkanda, wanasubiri fundi... "Na wewe mkwe," Bernadeta ametokea mlangoni, mwanamke mpana, mwenye jasho na furaha, tayari anamwita mkwe, mikononi ana bakuli kubwa lililofunikwa kwa sahani, "wewe nimekupikia na chako, Kasimiri aliniambia tumbo lako halitaki makuu, nikasema mgonjwa wa tumbo hapewi maharage peke yake, nimekutengenezea uji." "Umefanya vizuri sana, ahsante," Editha anasema, na kweli moyo unamlainika, hebu ona, uji, ameokoka, atakunywa uji mbele yao wote na maharage atayagusa tu kwa heshima... "Si uji wa kawaida," anasema Bernadeta, "wa lishe, nimechanganya mwenyewe, mahindi na ulezi," vizuri, "na mchele kidogo," vizuri, "na soya," eeh, "na ngano, na dengu, na karanga, na maziwa ya unga mwishoni ili uwe mzito, huku sisi hatupimi." Maji yanashuka vidoleni. Soya. Ngano. Dengu. Maziwa. Editha anatazama kidole gumba chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Maana hata Mwanahawa, si ndivyo anavyochanganya, vile vile, unga wa lishe, mwenyewe Editha alikuwa akisimama pale mashineni na kumwambia niongezee soya, shoga, nimekonda... chapati alizifunga na ngano akainywa, maziwa aliyafukuza mlangoni yakaingia kwa mfuko wa unga, dengu na soya hawa ni ndugu wa maharage baba mmoja mama mmoja, wamekaa kikombeni kila asubuhi wakimwangalia, wamesagwa, hawatambuliki, na kila tumbo likichafuka anawaongezea kikombe cha pili ili wamtulize! Na Gervas, maskini Gervas, mchuzi wa msiba tangu masika kwa ajili ya kosa la uji, na kitunguu, kitunguu cha watu, kimekaa gerezani bila kusikilizwa. Wala maharage hawezi kuyaachia huru leo, hapana, labda ukoo mzima ni mbaya, labda maharage ya Mikese na uji wa Mikese walishirikiana, hajui, hajui chochote, ndiyo ajabu yenyewe, miezi yote hii hajawahi kujaribu kitu hata kimoja peke yake, leo ndiyo siku ya kwanza tumbo lake ni tupu kama ubao uliofutwa, basi aonje, matonge machache, maharage bila uji, na uji atanywa Fidelis, anajisifu sana, anywe. Lakini halafu ukae, alisema Upendo. Kukaa. Na kama maharage nayo yamo? Tangu waingie ametazama pembe zote za uwanja huu kama askari mgeni, ndivyo anavyoingia nyumba za watu siku hizi, kabla ya viti, kabla ya sura za watu, anatafuta njia ya kwenda chooni, na hapa hajaiona, kuna njia inayoshuka kwenye migomba, kuna nyingine inayopita mbele ya wazee wote, na mtu utaulizaje, mgeni, mkwe, umefika sasa hivi, hujamega hata tonge, unauliza choo, watasema ameanza tena yule wa Mikese... Ngoja kwanza. Wamekuja kufanya nini hapa? Kuona. Fidelis ameoneshwa zizi, ameoneshwa miti ya karafuu, ameoneshwa hata mfereji wa maji, ametikisa kichwa kila mahali, na huyu mtoto wake anayeletwa huku ataishi kwenye karafuu? Kuna mama gani anayekuja kuona kwa watu asione choo? Si aibu kuuliza, aibu ni kutouliza, ni kazi yake, ndiyo maana wamempandisha mlima huu mzima! Anainua uso, mikono bado iko kwenye maji. "Mkwe," anasema, kwa sauti inayowageuza hata wazee wa mkeka wa pili, "sisi tumekuja kuona kwenu, sivyo?" "Ndivyo, mkwe." "Basi mimi kabla sijamega, naomba nioneshwe choo." Fidelis anakohoa, safari hii bila heshima. Bernadeta anamtazama, kisha uso wote unafunguka kama dirisha. "Afadhali umeuliza! Tumekijenga kipya kwa ajili ya ugeni huu, cha matofali, nimekaa tangu asubuhi nasema hivi hawa watu hawatauliza? Nitawaambiaje mwenyewe, jamani tazameni choo changu? Kiko hapo hapo, nyuma ya jiko, huvuki hata uwanja." "Kina mlango?" "Kina mlango, na komeo kwa ndani!" Komeo kwa ndani, anawaza Editha, nyuma ya jiko, huvuki uwanja, basi hotuba na ije, ianzie kwa babu yao, ianzie kwa Adamu, atakula na atakaa, na akiinuka atarudi, hawa ni watu wa kuzaa nao ukoo, Upendo ameolewa, ameolewa kabisa, hajui tu... na Ester, aliyepiga magoti, anaendelea kummiminia maji.