Kijarida cha Baba

Mtaani kaka yangu walimwita Mkosi, na jina likamkaa. Aliandika vijarida vyake mwenyewe: mauaji, matangi yaliyopasuka, daraja lililoanguka harusi ikipita. Alivitoa fotokopi, akavibana pini, akawauzia wapenda habari za kutisha, yaani watu wote isipokuwa wanaojifanya hawazipendi. Vichache aliviacha saluni kwangu, wateja wasome huku nikiwasuka.

Lakini nimtendee haki. Hakuchapa kisa cha marehemu yeyote kabla hajaenda kwa wafiwa kuwasomea neno kwa neno. Wakikataa, anachana karatasi mbele yao. Nimemwona akichana kazi ya miezi mizima, kisha akanywa chai waliyompa.

Safari hii alimwandika baba. Baba alifia kwenye kinu cha unga, alipotumbukia ndani ya tangi refu la chuma lililojaa ngano. Mjomba ndiye aliyeleta habari, akamwambia mama kwamba mumewe alikata roho palepale. Mama aliishika kauli hiyo, na ndiyo iliyompa usingizi miaka yote ya ujane wake.

Kijarida kile nilikiweka mezani pamoja na vingine, bila kukifungua. Mama alikuwa kitini, nimemsuka nusu, mteja mmoja mwenye sauti ya kipaza akaanza kuwasomea wenzake. Fundi aliyefanya kazi na baba alikuwa amemweleza kaka kila kitu. Baba alinasa mle akiwa hai, ngano imemfika kifuani, akawa anagonga ukuta wa tangi kwa spana. Wenzake walikata chuma huku wakimsikia. Aligonga mpaka jioni.

Jina la baba lilisomwa wazi. Nilihisi kichwa cha mama kikitulia kabisa mikononi mwangu. Aliniambia nimalizie kusuka, lakini niliweka kitana chini.

Nilimwendea kaka nikiwaka. Nikamuuliza kwa nini wageni anawasomea, mama yake mzazi asimsomee.

"Nani anabisha hodi kwao, mdogo wangu?" alisema. "Nimejuta."

Maji yakimwagika hayazoleki, naye akaenda kuyazoa. Alikusanya nakala zote, nyingine akizinunua ghali kuliko alivyoziuza, akazichana uani mbele ya mama kama alivyozoea. Mama alimtazama mpaka karatasi ya mwisho. Hakumlaani, na afadhali angemlaani.

"Mwanangu," alimwambia, "hiyo niliyoisikia utaichanaje?"

Tangu siku hiyo mlango ukigongwa, mama huacha alichoshika, akakaa chini, mikono masikioni. Kwa hiyo hatugongi tena. Kaka naye haandiki tena. Kila jioni huja na mkate, akasimama nje ya nyumba aliyozaliwa, mikono ameiweka nyuma, akaita hodi kwa sauti ndogo. Mama humsikia. Siku nyingine huchelewa sana kumwitikia.